Kiota cha barazani na wageni wa kwenye nyaya

Kati ya Septemba na Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, nyaya za umeme za pembezoni mwa Arusha huanza kujaa ndege wadogo wenye mgongo mweusi unaong'aa kwa bluu. Huko Kisongo huruka nyuma ya ng'ombe, wakikamata wadudu wanaotimuliwa na kwato. Jioni hupita chini chini juu ya viwanja vya mpira vya shule na mashamba ya kahawa. Ni mbayuwayu. Wazazi wengi wa mjini wamelisikia jina lake kwenye ule utani wa "akili za mbayuwayu, changanya na zako" mara nyingi kuliko walivyowahi kusimama wakamtazama.

Anastahili kutazamwa. Ndege mzima ana uzito wa gramu 20 hivi, haufiki hata vijiko viwili vya kulia vilivyojaa sukari. Na uzito huo huo ndio umetoka Ulaya au Asia, ukavuka jangwa, ukafika hadi hapa chini ya Mlima Meru. Wengine hawaishii hapa. Huendelea hadi Afrika Kusini.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao walikuwa wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wapo walioamini kwamba ndege hao hulala chini ya matope ya mabwawa mpaka joto lirudi. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja aitwaye John Masefield alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, nyumbani kwake Staffordshire. Desemba 1912 ndege yule yule, na pete yake, akapatikana shambani Natal, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 10,000 hivi. Ubishi ukaisha.

Ndege wa aina hii hii wapo Marekani na Kanada pia, wengi sana, na huko hujenga mabandani na chini ya madaraja. Ila wale hawaji kwetu. Baridi ikiingia wao huteremka Amerika ya Kusini. Mwaka 1980 baadhi yao walionekana wakijenga viota huko huko Argentina, nchi ambayo mababu zao walikuwa wakipumzika tu na kuondoka. Mgeni aliyeamua kupanga chumba, mtu anaweza kusema.

Hapa Arusha hawajapanga. Hula, hulala kwa makundi kwenye matete, hubadilisha manyoya, na kufikia Aprili wameondoka. Jambo hili dogo, kwamba mbayuwayu wa kwenye nyaya hajengi kwetu, ndilo lililozua mvutano katika nyumba moja ya kupanga huko Moshono mwishoni mwa mwaka jana.

Nyumba hiyo ina kiwanja kimoja na milango miwili. Mbele anaishi mwenye nyumba, bibi mjane ambaye wote uani humwita Bibi. Nyuma kuna familia ya dereva wa watalii, mke wake ambaye ni fundi cherehani, na binti yao wa miaka kumi. Mama hushonea barazani kwa sababu ndani mwanga ni hafifu. Novemba na Desemba ndiyo miezi yake ya kula na kulipa ada, maana wazazi huleta oda za sare za Januari. Mashati meupe hukunjwa yakapangwa juu ya meza, pale pale chini ya dari ya baraza.

Wiki ya kwanza ya Novemba, mvua ya pili au ya tatu ilipoacha dimbwi karibu na bomba la uani, ndege wawili walianza kushuka hapo. Walichota tope jeusi kwa midomo, wakaruka hadi kona ya dari, wakabandika. Kidonge kwa kidonge, dume na jike wakipokezana, siku baada ya siku. Baada ya muda kona ile ikawa na kitu kama kibuyu kilichokatwa nusu kikagandishwa darini, shingo yake ndefu ikiwa ndiyo mlango.

Mama aliliona tone la kwanza kwenye shati la kwanza. Akaenda kuchukua fagio.

Kusema kweli, hapo hangekuwa na kosa. Kiota ambacho hakijatagwa yai kinaweza kuondolewa, na ndege wakahamia kwingine bila kupoteza kitu ila kazi ya siku chache. Mzazi anayejua hatakiweza kiota juu ya mlango wake aamue wiki hiyo. Mama alisita kwa sababu moja tu: mumewe alipiga simu kutoka Karatu wakati fagio likiwa mkononi. Akamwomba asikiguse, akaahidi kwamba akirudi atapigilia kibao chini yake kuzuia uchafu. Akarudi baada ya siku tisa, akalala usiku mmoja, akaondoka na wageni wengine. Kibao hakikupigiliwa. Wake wa madereva wa watalii wataielewa hadithi hii bila maelezo.

Mama akafanya mwenyewe. Alipasua kiroba cha kilo hamsini, akakitundika kwa kamba nne chini ya kiota kama machela. Kila Jumamosi alikishusha, akakisuuza huku amevaa glavu za jikoni, akakirudisha. Mashati yakabaki meupe. Tangu hapo hakulalamika tena, ingawa hakusema pia kwamba amewapenda.

Binti ndiye aliyewapenda. Darasa la nne walikuwa wamemaliza mtihani wa taifa, akawa na muda. Aliandika nyuma ya daftari la hesabu kila alichokiona. Mwishoni mwa Novemba aliandika kwamba ndege mmoja haonekani sana, yuko ndani. Tarehe 4 Desemba aliandika kwamba wote wawili wanaingia na wadudu mdomoni na kutoka bila wadudu. Baba alipopigiwa simu akamwambia: mayai yamepasuka, hesabu kuanzia leo.

Tarehe 8 Bibi alipita barazani kutoa taarifa. Watoto na wajukuu wake walikuwa wanakuja Krismasi kutoka Dar es Salaam, nyumba lazima ipakwe rangi, fundi anaanza tarehe 12. Akainua macho darini.

"Na hicho kitolewe."

Mama hakujibu haraka. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, na kodi ya miezi sita ilikuwa inaisha Januari. Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna makinda ndani.

Bibi hakuwa mkali. Alieleza kama mtu anayemtoa mtoto hofu. Hao ni mbayuwayu, alisema, ndege wa Ulaya. Hukimbia baridi ya kwao, huko kukipata joto wanarudi zao. Hapa ni wapita njia. Kwao kupo.

Na Bibi hakuwa amekosea kuhusu mbayuwayu wa kwenye nyaya. Hivyo ndivyo wengi walivyofundishwa, na ndivyo watoto wanavyofundishwa hata leo: mbayuwayu ni ndege wa kuhamahama, nukta. Somo hilo ni la kweli, ila limekatwa katikati. Halimwambii mtoto kwamba mbayuwayu ni ukoo mkubwa, na kwamba katika ukoo huo wako wanaosafiri na wako ambao hawajawahi kuliona bara jingine.

Jioni ile binti alitoa kwenye kabati kitabu cha ndege ambacho baba yake huwa anakibeba kazini, nakala ya zamani yenye jalada lililochanika. Kina picha na ramani. Alikaa kwenye ngazi ya baraza mpaka giza likaingia, akiangalia kitabu, kisha darini, kisha nyaya za barabarani, kisha tena kitabu.

Kesho yake alikwenda kwa Bibi na kitabu chini ya kwapa. Alimwamkia, akaomba amwonyeshe kitu, na Bibi akatafuta miwani.

Wale wa kwenye nyaya, binti alieleza, wana koo jekundu la rangi ya kutu, chini yake mkanda mweusi kama skafu, halafu tumbo jeupe lisilo na alama. Wa barazani hana mkanda wowote. Kichwa chake chote ni rangi ya kutu, kiuno juu ya mkia ni rangi hiyo hiyo, na kifua cheupe kimejaa michirizi myeusi, kama mtu aliyejaribia kalamu ya wino. Halafu kiota: cha Ulaya ni kikombe kilicho wazi juu, si kibuyu chenye shingo. Na ramani ya huyu wa michirizi ilikuwa imepakwa rangi Afrika tu, kusini mwa Sahara. Ulaya ilikuwa nyeupe tupu.

"Kwa hiyo kwao ni wapi?" Bibi akauliza.

"Hapa, Bibi."

Bibi alikaa na kitabu muda mrefu kuliko binti alivyotarajia. Baadaye, akimsimulia mumewe kwenye simu, mama alisema Bibi hakubishana hata neno moja. Aliuliza swali moja tu la mtu mwenye ratiba: wataruka lini?

Hilo nalo lilikuwa na jibu. Mbayuwayu wa michirizi hutaga mayai matatu au manne, huyaatamia kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani siku 17 hadi 19 kabla ya kuruka. Kutoka tarehe 4, binti alihesabu kwa vidole mbele ya Bibi. Tarehe 21 hadi 23. Bibi akasema fundi ataanza na nyumba ya mbele, na baraza la nyuma litakuwa la mwisho, tarehe 23. Wageni walikuwa wanaingia 24.

Fundi rangi hufanya kazi haraka pale anapokuwa na kazi nyingine inayomsubiri. Tarehe 15 alimaliza mbele, na Bibi siku hiyo alikuwa kanisani kwenye maandalizi. Hakuna aliyemkumbusha fundi kuhusu kona. Alisogeza ngazi nyuma, akaanza kukwangua dari kwa chuma, na mama alipotoka jikoni shingo ya kile kibuyu ilikuwa imeshadondoka na kusambaa sakafuni kama kigae. Kinda moja lilikuwa juu ya kiroba, karibu uchi, mdomo wazi.

Mama ndiye aliyepiga kelele. Mama, si binti. Fundi alishuka ngazi mikono juu akiomba radhi, akisema alidhani ni uchafu wa nyigu.

Kilichofuata ni jambo ambalo wazazi wengi hulifahamu vibaya, kwa hiyo lisemwe vizuri. Watu huamini kwamba kinda likiguswa na mkono wa binadamu mama yake hulikataa kwa sababu ya harufu. Binti alikuwa analia kwa sababu hiyo hiyo, akimwambia mama asiguse. Simu ya baba ilipatikana mara ya tatu, mtandao ukikatika katika. Alichosema kilisikika: lirudishe, haraka, ndege hawakatai watoto kwa harufu ya mkono. Na ndivyo ilivyo. Kinachoua kinda lililodondoka ni baridi, njaa na paka.

Mama akapanda ngazi ya fundi na lile kinda kiganjani. Shingo ya kiota ilikuwa imevunjika lakini bakuli lenyewe lilikuwa limeshika, na ndani kulikuwa na wengine wawili. Aliliingiza kwa vidole viwili. Kisha wote, na fundi pamoja nao, wakakaa mbali karibu na bomba, kimya, wakisubiri. Wazazi wale walizunguka uani wakilia. Walikaribia, wakaondoka, wakakaribia tena. Zilipita kama dakika arobaini kabla mmoja hajajishika ukingoni mwa bakuli na kuingiza kichwa.

Fundi alikunja ngazi yake. Alisema atarudi tarehe 23 kama alivyoambiwa, na safari hii alirudia tarehe mara mbili.

Siku zilizofuata zilikuwa za kawaida, yaani za kazi. Ndege huyu hula hasa wadudu wanaoruka, nzi na mbu na kumbikumbi, na makinda matatu yanahitaji safari nyingi tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mvua ikinyesha mchana kutwa wadudu hawaruki, na makinda hushinda na njaa. Tarehe 18 ilinyesha hivyo. Meru haukuonekana kabisa, uani maji yalitiririka hadi barabarani, na binti aliandika kwenye daftari: wameingia mara nne tu. Siku iliyofuata jua lilitoka, kumbikumbi wakafumuka kila mahali, na hakuandika idadi kwa sababu alishindwa kuhesabu.

Tarehe 21 makinda mawili yaliruka. La tatu lilitoka tarehe 22 mchana, likaishia kwenye kamba ya kuanikia nguo, likakaa hapo saa nzima likiwa limeshikilia kama mtoto kwenye baiskeli ya kwanza. Mama alisogeza nguo akalianikia upande mwingine.

Mtu angedhani hadithi ya kiota huishia hapo, lakini hawa wana desturi ya kurudi kulala. Jioni ile wote watano waliingia, wakubwa na wadogo, wakajibana kwenye bakuli lililovunjika mlango. Kwa hiyo fundi alipofika asubuhi ya tarehe 23 kiota kilikuwa bado kina wenyewe, ingawa saa hiyo walikuwa wameshatoka kutafuta chakula. Mama alitoka kumweleza. Kabla hajamaliza, Bibi alikuwa amefika nyuma yake, amefunga kanga kifuani, miwani usoni. Alitazama juu, akatazama saa ya simu yake.

"Paka kote," akamwambia fundi. "Hapo zungusha."

Ndivyo wageni kutoka Dar es Salaam walivyolikuta baraza la nyuma: rangi ya krimu, mpya, na kona moja yenye duara la dari kuukuu na nusu kibuyu cha tope katikati. Wajukuu walitaka kujua kwa nini. Bibi aliwaeleza mwenyewe, na mama anashuhudia kwamba tofauti ya mkanda na michirizi aliisema bila kukosea.

Januari kiota kilipata wapangaji wengine. Ndege weusi wenye mabawa membamba kama upinde na kiraka cheupe kiunoni walianza kuingia pale, wakibandika manyoya mlangoni. Hao ni teleka, na kupora nyumba ya mbayuwayu wa michirizi ni tabia yao ya siku zote. Binti alikasirika sana. Baba yake, ambaye safari hii alikuwa nyumbani siku tatu nzima, alimwambia kwamba wenye kiota watajenga kingine. Pia alipigilia kibao.

Machi wageni wa kwenye nyaya walikuwa wameshapata manyoya mapya. Mikia yao, iliyokuwa butu mwezi Novemba, sasa ilikuwa na ncha mbili ndefu. Kila asubuhi walijipanga wengi, wakarukaruka, wakarudi, na kila wiki nyaya zilipungua watu. Katikati ya Aprili hakubaki hata mmoja barabara nzima ya Moshono. Safari ya kurudi ni ile ile, jangwa ni lile lile, na si wote wanaofika.

Masika ilipojaza tena dimbwi la bombani, wale wawili wa michirizi walishuka kuchota tope. Binti alidhani watarudi kwenye kona yao na kugombana na teleka. Hawakuja nyuma kabisa. Walipita juu ya paa kuelekea mbele, na alipowafuata aliwakuta wakibandika kidonge cha kwanza kwenye dari jipya jeupe, juu ya mlango wa sebule ya Bibi, ambapo kila Jumapili hukaa wageni wake wa kanisani.

Hakusema kitu. Alirudi nyuma akamaliza kazi za shule.

Siku ya tatu yake, saa za jioni, mfanyakazi wa Bibi alikuja barazani akapiga hodi. Bibi alikuwa anaulizia kama mama ana kiroba kingine cha kilo hamsini, na kamba.